"Ada za picha hazimo": kamera yako inalipiwa nini hasa safarini?

Swali: Shikamoo kaka. Desemba tunafanya safari ya familia, siku nne Ngorongoro na Serengeti, kisha siku nne Zanzibar. Sisi ni Watanzania wa Mwanza, ila binamu yangu anayeishi Muscat, mwenye pasipoti ya Oman, atatukuta KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Anapenda picha kuliko chakula. Anakuja na kamera mbili na droni. Kwenye karatasi ya bei kampuni imeandika "ada za picha hazimo." Nilipouliza nikaambiwa tutenge dola 50 kwa kila kamera, mengine tutaelezwa tukifika. Hiyo ada ipo kweli? Simu nazo zinalipiwa? Na watu wanasema kwa Wamasai na kule Unguja hupigi picha bila kutoa kitu. Tusaidie.

Jibu: Marahaba dada yangu. Nianze na pochi, maana najua ndiyo inayokuuma. Mtu anayepiga picha zake mwenyewe za kumbukumbu, kwa simu au kwa kamera ya mkononi hata kama lenzi yake ni ndefu kama mchi, halipi cha kamera getini. Si Loduare mnapoingilia Ngorongoro, si Naabi mnapoingilia Serengeti. Kiingilio kimelipia kutazama, na picha zako zimo humo. Hata kwa majirani wanaotoza pesa za kutisha mambo ni hayo hayo: Rwanda kibali cha kuwaona gorila ni dola 1,500 kwa saa moja, Uganda dola 800, na kamera ya mgeni imo ndani ya bei hiyo.

Kinachowatofautisha ninyi na binamu ni kiingilio chenyewe. Ninyi raia wa Afrika Mashariki mnalipa kwa shilingi. Yeye analipa dola, bei ya mgeni, hata kama bibi yake kazaliwa Malindi ya Unguja na Kiswahili chake kinawapita nyote. Getini inasomwa pasipoti, ukoo hausomwi. Hiyo ndiyo pesa halali ya kutenga kwa ajili yake, na kampuni ilipaswa kuionyesha kwenye bei tangu mwanzo, pamoja na ada ya kushuka kreta, ambayo hutozwa kwa gari na si kwa kichwa.

Sasa hizo dola 50. Hiyo sentensi ya "ada za picha hazimo" naijua, imezunguka kwenye karatasi nyingi za bei hapa Arusha, na sababu yake inachekesha kidogo: wengi wetu tulianza kazi kwa kunakili karatasi za wenzetu wa nchi nyingine. Misri kwa miaka mingi iliuza tiketi ya kamera kando ya tiketi ya kuingia Bonde la Wafalme. Baadaye wakaachia simu bure, na mwaka 2022 serikali yao ikatangaza kwamba picha binafsi kwenye maeneo ya wazi hazitozwi wala haziombewi kibali. Bonde la Omo, kusini mwa Ethiopia, Wamursi wamezoea kuhesabu picha moja moja na kudai birr zao papo hapo. Mtu wa Arusha akaiona sentensi huko, akaibandika kwake, na haijaondoka. Hapo nawadhania mema. Ila aliyekutajia dola 50 kwa kila kamera hakunakili; huyo alikuwa anapima kina cha maji kwa mguu wako.

Dawa yake ni nyepesi. Waombe namba ya kumbukumbu ya malipo ya hiyo ada. Pesa ya serikali hapa kwetu, ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) au ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, inalipwa kwa namba hiyo na stakabadhi inatoka. Mtu akikwambia "utampa dereva taslimu, yeye anajua pa kupeleka," basi na wewe umeshajua inapokwenda.

Zipo picha zinazolipiwa kweli, nisije nikakupoteza. Zinazolipiwa ni picha za kazi: tangazo, filamu, kipindi, picha za kuuza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali cha Bodi ya Filamu, kisha hifadhi nayo ina ada zake kwa wapiga picha wa biashara. Askari hakuulizi kamera ni ya shilingi ngapi, anauliza unapiga za nini. Lakini ana macho. Stendi ya miguu mitatu, makrofoni yenye manyoya, mtu wa kushika kioo cha kurudisha mwanga, na binti anayebadilisha nguo nyuma ya gari, hayo yote yanazungumza kabla yako. Mwaka mmoja nilipeleka maharusi waliokuja na mpiga picha wao wa kukodi. Pale kwenye kituo cha kutazamia kreta bibi harusi akavaa shela kamili, upepo ukaibeba kama tanga la ngalawa, magari yote yakasimama kutazama. Askari akaja taratibu, akamwuliza mpiga picha swali moja tu: "Wewe hapa umelipwa?" Kijana akajibu ukweli. Tulikaa pale zaidi ya saa moja na nusu tukipiga simu, na mwisho shela ikarudi kwenye begi. Maharusi wangejipiga wenyewe kwa simu, nadhani asingekuja hata kutusalimia.

Kwa hiyo mwulize binamu: picha zake anauza? Ana chaneli inayomwingizia pesa, au kampuni imempa kamera aitangaze? Kama ndivyo, aseme sasa, wakati bado kuna miezi ya kuomba kibali. Na ajue kwamba cha Bara kinaishia bandarini Dar. Mambo ya sanaa na utamaduni si ya Muungano, hivyo Zanzibar wana chombo chao, BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na huko anaanza upya.

Droni aiache Muscat. Najua hatapenda. Kurusha droni Tanzania kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na idhini ya vyombo vya ulinzi, na ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kabisa bila kibali maalumu, ambacho mtalii wa siku nne hakipati. Oman nako droni ina vibali vyake, kwa hiyo si jambo geni kwake.

Kuna watu huniambia kadude kadogo vile kanamdhuru nani. Mwulize tembo. Tembo akisikia ule mvumo anaondoka na familia yake. Wenye kujua wanasema unamkumbusha nyuki. Hapa hapa Tanzania, kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, droni zimetumika kuwafukuza tembo kutoka mashambani, na zinafanya kazi hiyo vizuri. Chombo kinachofukuza tembo shambani huwezi kukirusha juu ya kundi lenye ndama ukasema unapiga picha tu. Halafu kuna viwanja vidogo vya ndege ndani ya Serengeti, kama Seronera, ambako ndege za abiria zinashuka chini kuanzia asubuhi.

Lipo na jambo la forodha ambalo watu hawalifikirii. Droni bila vibali inaweza kuzuiwa uwanjani, ukapewa karatasi uje kuichukua unapoondoka. Ninyi mnaingilia KIA na mnatokea Zanzibar. Binamu atakuwa anapanda ndege Unguja huku mali yake iko kwenye kabati Kilimanjaro. Nani ataifuata?

Tukiwa bado porini, niseme moja kuhusu dereva. Mgeni mwenye lenzi nzuri hutaka gari lisogee kidogo tu nje ya barabara, "hatua mbili, chui ananipa mgongo." Kuacha barabara ni kosa, na faini inamwangukia dereva, ambaye pengine inakula posho yake ya safari nzima. Wageni wengi hawalijui hilo. Wanadhani dereva ni mkaidi. Na kushuka kwenye gari msithubutu. Julai 2025 video ya watalii walioshuka kwenye magari ukingoni mwa Mto Mara, kule Kogatende, wakawazibia nyumbu njia ya kuvukia, ilisambaa dunia nzima, na waliolaumiwa kwanza ni waongozaji. Ninyi Desemba nyumbu hamtawakuta huko, watakuwa wanashuka kusini, lakini tamaa ya picha haina msimu.

Sasa nije kwa Wamasai, maana hapo ndipo swali lako lina uzito.

Kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Cha kwanza ni boma la utamaduni, lile lililofunguliwa rasmi kwa wageni. Pale kuna malipo ya kuingia, kwa gari au kwa kichwa, mnayopatana nje kabla hamjashuka, na humo ndani mna ngoma, kuruka, kuona nyumba, na picha mpaka betri ife. Mwambie dereva aulize mbele yenu, kwa sauti, "Picha zimo?" Mwenyeji akisema zimo, zimo. Baadaye mtapelekwa kwenye meza za shanga, na bei itaanzia mawinguni kwa sababu ya binamu. Hapo wewe wa Mwanza ndiye uongee, yeye anyamaze. Kununua si lazima, ingawa mimi huwa nashauri mchukue hata bangili moja kwa mama aliyezishona, kwa sababu si kila mara pesa ya mlangoni inafika kwenye mikono ile.

Cha pili ni cha barabarani, na hiki sikipendi. Mkishapita ukingo wa kreta mkiteremkia Malanja kuelekea Serengeti, mtawaona vijana wamesimama kando ya barabara wamevaa shuka nyeusi, nyuso zimechorwa kwa chokaa nyeupe. Kimila hayo ni mavazi ya aliyetoka kutahiriwa. Wamo ambao ni kweli. Wamo pia watoto, layoni wadogo kabisa, yaani wavulana ambao bado hawajatahiriwa, waliojipaka kwa sababu wameona kaka zao wanapata. Gari likipunguza mwendo wanakimbia. Namkumbuka mmoja, hakufika miaka tisa, kamasi zimempitia kwenye chokaa zikaacha njia mbili nyeusi hadi mdomoni. Mgeni wangu akatoa lenzi dirishani, mtoto akajipanga, akakaza shingo na kuangalia mbali kama alivyofundishwa. Ilipobofya mara tatu, akanyoosha kiganja. Alipewa noti ya dola moja. Akaigeuza pande zote mbili, akaikunja mara nne, akaichomeka chini ya mkanda wa saa isiyotembea, kisha akageuka kutazama vumbi la gari linalokuja nyuma yetu. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, siku ya shule.

Tangu hapo sisimami. Mgeni akinuna, anune. Ninyi mna kitu ambacho Mzungu hana, yaani lugha. Mkikuta watoto mahali pa kusimama kihalali, waulizeni shule, waulizeni ng'ombe wangapi, cheka nao. Mkitaka picha, muwaombe wazazi kama mngeombwa ninyi. Fikiria dada anayepanga dagaa pale Mwaloni Kirumba, mtu asiyemjua anashuka kwenye gari na kumwekea kamera puani bila hata "habari za kazi." Si pesa hasa ingemwuma. Na akikataa, maana yake amekataa. Haina haja ya kumpigia bei.

Zanzibar pesa zinakwenda kwa njia nyingine, kidogo kidogo, nyingi zikiwa bakshishi. Kwenye mashamba ya viungo huko Kizimbani mtaonyeshwa karafuu, mdalasini, iliki, na mwishoni kijana atapanda mnazi kwa kamba ya miguuni, akiimba, akibembea juu kule huku anatoa ishara mumpige picha. Hakuna aliyesema ni shilingi ngapi, na hakuna asiyejua kwamba akishuka anategemea chochote. Mpeni. Amepanda mnazi. Papasi wa ufukweni, wale vijana wanaowaganda wageni, ni hadithi tofauti: akikuvisha kofia ya makuti na kukuwekea kobe au samaki mkononi "upige bure," bure hiyo ina bei, na ataitaja picha ikishapigwa. Mrudishie kabla ya picha.

Kisiwani Changuu msiwakalie kobe mgongoni, hata mtoto mdogo. Mnemba msinyanyue kiti cha pweza nje ya maji kwa ajili ya picha. Atarudishwa baharini, lakini mara nyingi hatapona. Jozani, kima punju wamezoea watu hadi wanakupita miguuni. Kaeni umbali wa mita 3, na mweke simu mfukoni wakikaribia wenyewe. Tiketi ya Jozani ina mwongozaji ndani yake, picha bure.

Mji Mkongwe ndio unaohitaji adabu zaidi ya pesa. Darajani usimpige mama wa buibui kwa kificho. Ni afadhali umwulize, na ukishaanza na "Asalaam aleikum, mama" nusu ya kazi imekwisha, ingawa wengi watakwambia "piga samaki, mimi niache." Msikitini omba ruhusa, na wakati wa sala usiombe. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa na sasa ni kanisa la Kianglikana, kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Picha zinaruhusiwa. Lakini nimeona vijana wetu, Waswahili wenzetu, wakichuchumaa pale na vidole viwili juu na kutabasamu. Mwongozaji wa pale alinyamaza tu, na mimi sikuwa na la kumwambia mgeni wangu wa kigeni aliyekuwa anatazama. Ongea na watoto kabla hamjaingia.

Kuna sehemu ambazo hata ulipe hupigi: kambi za jeshi, Ikulu, bandari, vituo vya ukaguzi vya polisi, na eneo la ndege uwanjani. Pengine hutaona bango. Jirani zetu Mombasa wamekataza picha pale kivuko cha Likoni, na wageni hunaswa kila msimu kwa sababu machoni mwao ni feri tu yenye watu wengi. Binamu akiitwa na askari kwa picha ya namna hiyo, aonyeshe, afute, aombe radhi kwa Kiswahili chake kizuri, mambo yataisha hapo. Asilete hoja za haki zake. Na askari wa hifadhi mwenye bunduki mwulizeni kwanza; wengi wanakubali, baadhi wanakwambia bunduki isionekane.

Mwako wa kamera, ile flashi, auzime kabisa safari nzima ili asisahau. Kama siku nyingine mtafika michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, hapo mtaelewa zaidi jinsi tamaa ya picha inavyoharibu kinachopigwa. Zamani watu walikuwa wanaimwagia michoro maji ili rangi iwake kwenye picha. Picha zilitoka nzuri sana. Rangi zikaendelea kufifia kila walipomwaga, na maeneo mengine unaonyeshwa mwamba na kuambiwa "hapa palikuwa na twiga."

Turudi kwenye kampuni yako. Usigombane nao, waandikie ujumbe mfupi, kitu kama hiki: "Tunaomba mtuorodheshee kila ada isiyomo kwenye bei, inalipwa kwa mamlaka gani na kwa namba ipi ya malipo. Tunapiga picha binafsi tu, hatuna droni. Malipo ya boma tutayatoa wenyewe mlangoni." Sentensi ya mwisho usiifute, ndiyo inayoziba mwanya wa kuipenyeza ile ada kwa jina la boma. Kampuni ya kweli itajibu siku hiyo hiyo na kukwambia hakuna ada ya kamera, pengine na kuomba radhi kwa karatasi ya zamani. Wakirudi tena na zile dola 50 bila namba, tafuta wengine, Desemba bado nafasi zinapatikana ukianza sasa. Na hao wengine waulize kama gari linaweza kuwachukua ninyi Mwanza mkaingilia geti la Ndabaka, upande wa magharibi wa Serengeti, binamu apokewe KIA na gari jingine mkutane Seronera. Mtaokoa siku nzima ya barabara, na hiyo inazidi kwa mbali ada yoyote ya kamera.

Kama hamjalipa malipo ya awali, msilipe mpaka jibu lao lifike. Ukilipata, nitumie nilisome.